Ndoo Moja ya Rangi, Mistari Minne

Chukua ndoo ya rangi ya meli, ile ya lita 20, nyekundu, ya kuzuia kutu. Kwenye programu ya ununuzi ndoo hiyo ina jina moja, namba moja na kipimo kimoja. Leo serahangi anaiomba ili vijana wake wakwangue kutu kwenye sitaha na kupaka palipokwanguliwa. Hiyo ni kazi ya kila siku, na fedha yake inatoka kwenye bajeti ya kawaida ya vifaa. Baadaye meli inapanda chelezo na rangi ileile inaombwa kwa wingi. Sasa imekuwa sehemu ya gharama za chelezo, ambazo kwa kanuni ya uhasibu ya IAS 16 huingizwa kwenye thamani ya meli na kumegwa kidogo kidogo hadi chelezo kinachofuata. Kisha tagi inaigonga meli ubavuni wakati wa kufunga gatini, na rangi ya kufunika palipochubuka inatakiwa iende kwenye faili la bima, mbali na nyingine zote, maana mkaguzi wa madai atataka kuona ankara za jeraha hilo peke yake. Na siku mkodi wa meli anapotaka matumbo ya shehena yapakwe upya kwa ajili ya mzigo wake, na mkataba umesema kazi hiyo ni juu yake, ndoo hiyohiyo inanunuliwa kwa fedha ya mwenye meli ambayo lazima irudi.

Ndoo ni moja, mistari ya oda ni minne. Kila mstari una mlipaji wake, una muda wake wa kuhesabiwa, na una kisa chake. Muuza vifaa vya meli pale Kilindini ukimuuliza ameuza nini, atasema ameuza rangi, na amesema kweli. Lakini mwenye meli akitaka kujua chombo chake kimepitia nini mwaka mzima, ripoti inayomwambia "rangi, kiasi hiki" haijamwambia kitu.

Nimekaa upande wa ununuzi kwa muda wa kutosha kusikia mabishano mengi kuhusu makundi. Watu wanakaa kikao kizima kuamua kama glavu ziwe chini ya usalama au chini ya mavazi. Wanaongeza makundi, mwaka unaofuata wanayapunguza, na ripoti zinabaki butu kama zilivyokuwa. Kwa maoni yangu wanabishana juu ya nusu ya jambo. Kitu kina kundi lake, na mstari wa oda una kundi lake, na haya ni mawili. La kwanza linaeleza kitu hiki ni nini. La pili linaeleza kimetakiwa kwa sababu gani na kwa gharama ya nani. Programu nyingi nilizozitumia hulichukua la kwanza na kulibandika kwenye la pili bila kuuliza, kwa nia njema ya kumpunguzia mtu kazi ya kubofya, na hapo ndipo historia ya meli inapoanza kupotea.

Kwa swali la kwanza, ulimwengu wa meli umejitahidi sana. Chama cha kimataifa cha wanunuzi wa vifaa vya meli, IMPA, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina kitabu chake cha vifaa ambacho kila kitu ndani yake kimepewa namba ya tarakimu sita. Mbili za mwanzo zinataja aina: 00 ni vyakula, 21 kamba, 25 rangi, 39 dawa, 47 karatasi na vifaa vya ofisi, 75 valvu, 81 gasketi na pakingi. Ukitaka kuelewa uzito wa kazi hiyo, mfikirie baharia Mfilipino aliyeko katikati ya Bahari ya Hindi, mnunuzi Mhindi aliyeko Dubai na muuzaji Mswahili aliyeko Mombasa, wote watatu wakizungumzia shakeli moja. Bila namba watatumiana picha, watatumiana michoro ya mkono, na bado itafika yenye pini ya aina nyingine. Kwa namba, mambo yanakwisha kwa mstari mmoja. Naiheshimu namba ile kwa moyo wote.

Vipuri vya mashine ni habari nyingine. Pistoni haina namba ya watu wote; inajulikana kwa mtengenezaji wa injini, aina ya injini, namba ya injini yenyewe, kitabu chake, ukurasa, na namba ya kipande kwenye mchoro. Hapa ndipo Wanorwei walipoleta fikra ambayo mpaka leo naiona ya hekima. Mwaka 1972 taasisi yao ya utafiti wa meli ilitoa mpangilio unaoitwa SFI, ambao unaigawa meli kwa kazi. Kundi la 2 ni mwili wa meli. La 3 ni vifaa vya shehena, la 5 ni vya mabaharia na abiria, la 6 ni mashine kuu, la 7 ni mifumo inayozihudumia mashine hizo, la 8 ni mifumo inayotumika na meli nzima. Ndani ya kila kundi kuna vijikundi, mpaka unafika kwenye pampu moja. Mpangilio huu hauulizi kitu kimetengenezwa kwa nini wala kinauzwa duka gani. Unauliza kinafanya kazi gani melini.

Ziwa Tanganyika lina meli inayoonyesha faida ya kuuliza hivyo. MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mafundi wale wa Kigoma, kila walipofungua kasha, walihitaji kujua kipande kinakaa wapi na kinafanya nini. Kujua tu kwamba ni chuma kusingewasaidia. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka ya 1970 mashine za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Mwili ukabaki uleule. Vipuri vya meli ya mvuke na vya meli ya dizeli haviwezi kufanana, kwa hiyo anayepanga kwa majina ya vitu ana orodha mbili zisizosalimiana. Anayepanga kwa kazi bado anaweza kuuliza: kuisukuma meli hii kumegharimu kiasi gani, na kuuzuia mwili wake usioze kumegharimu kiasi gani? Maswali hayo yanadumu hata vitu vikibadilika.

Hata hivyo SFI nayo inaishia mahali. Inajua oringi hii ni ya pampu ya maji ya bahari. Haijui kwa nini pampu ilifunguliwa.

Basi twende chini kwenye chumba cha mashine. Ni usiku, zamu imekwisha, na injinia wa tatu amekaa mbele ya kompyuta ya chumba cha udhibiti akiwa bado na mafuta mikononi. Pampu ya maji ya bahari ilikuwa inavuja pale shafti inapotokea. Ameifungua, akakuta uso wa sili umekwaruzika mikwaruzo ya duara, na shafti nayo imelika kidogo palepale sili inapokaa. Amefunga sili ya mwisho iliyokuwa stoo. Sasa anaagiza nyingine: sili 2, oringi 4, beringi 2. Programu inamjazia yenyewe: vipuri, pampu. Kisha kinatokea kisanduku cha sababu, na chaguo la kwanza kwenye orodha ni "matengenezo ya kawaida". Ana macho mazito, na kesho alfajiri ana zamu nyingine. Chaguo la kwanza ndilo litakalochukuliwa. Lakini ni mtu mwangalifu, kwa hiyo chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo, anaandika kwa maneno yake: sili za aina hii haziishi muda, shafti imelika, nadhani chujio linapitisha mchanga tukiwa kwenye maji mafupi.

Sentensi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko kitu kingine chochote kwenye ombi lile. Ndani yake kuna kilichotokea, kuna mwenendo, na kuna dhana ya chanzo. Ombi linapanda ofisini. Msimamizi wa kiufundi analiidhinisha pamoja na mengine mengi, mnunuzi analigeuza kuwa ombi la bei kwa wauzaji, na katika kugeuzwa huko maelezo yanabaki nyuma, kwa sababu muuzaji hana haja nayo. Oda inatoka ikiwa safi: sili 2, oringi 4, beringi 2, matengenezo ya kawaida. Mwisho wa mwaka ripoti itasema meli hii inatumia sili nyingi kuliko dada zake, na mtu fulani atashauri tutafute muuzaji wa bei nafuu. Mchanga utaendelea kupita kwenye chujio.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kupanga makundi ni kazi ya makarani. Kundi la mstari ni ushahidi. Anayelichagua anashuhudia jambo lililotokea mbali na macho ya ofisi, na mara nyingi yeye peke yake ndiye aliyeliona.

Watu wa pwani hawakungoja kompyuta kulijua hili. Katika majahazi ya pwani hii na ya Ghuba, mabaharia hawakulipwa mshahara wa mwezi; walilipwa mafungu. Zilitolewa kwanza gharama za safari, kisha kilichobaki kikagawanywa kati ya chombo na watu wake. Kwa hiyo kusema gharama fulani ni ya safari au ni ya chombo lilikuwa jambo la mkate wa mtu. Kikihesabiwa kitu upande wa safari, kila baharia amekilipia kidogo. Kikihesabiwa upande wa chombo, kimelipiwa na mwenye chombo. Nahodha aliyekuwa na haki alijulikana hapo. Leo baharia ana mkataba na mshahara wake haupungui kwa sababu sili imeandikwa vibaya, lakini bado kuna mtu anayebebeshwa: mkodi, mtoa bima, mwenye meli, au chifu injinia anayeitwa kueleza kwa nini bajeti yake imepasuka.

Kuna kundi moja ambalo kila programu inalo na kila mhasibu analichukia: Mengineyo. Mimi silichukii. Bahari huleta mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria ofisini, na lazima yapate pa kukaa. Kuanzia mwaka 2008 hivi, maharamia walipozidi kwenye maji ya Somalia, meli zilizokuwa zikija Mombasa na Dar es Salaam zilianza kuagiza seng'enge yenye wembe, mizunguko kwa mizunguko, ya kuzungushia kingo za sitaha. Miongozo ya kujikinga iliyotolewa na mashirika ya meli ilipendekeza hivyo hivyo. Sasa seng'enge hiyo iandikwe wapi? Kwa aina yake ni waya, vifaa vya chuma. Wengine waliiweka pale. Wengine waliitia kwenye usalama, pamoja na helmeti na vizima moto. Wengine waliitupa Mengineyo. Na wachache walifungua kundi jipya la ulinzi wa safari za eneo lile, wakakusanya humo seng'enge, mifuko ya mchanga, vioo vya kuimarisha madirisha, na posho za walinzi. Hao wachache waliweza kumwambia mkodi, ambaye kwa mikataba mingi ndiye aliyetakiwa kubeba gharama hizo za ziada, kiasi kamili anachodaiwa. Waliobaki walijua tu kwamba mwaka ule walinunua waya mwingi.

Kwa hiyo ningetaka mtu alisome kundi la Mengineyo kila mwezi, mstari kwa mstari, kwa udadisi uleule ambao mtu anasomea gazeti. Mistari mitatu minne inayofanana ikijitokeza humo, meli zinasema kitu ambacho orodha yetu haijakipa nafasi. Jibu ni kukipa nafasi. Kuwakaripia mabaharia kwa kutumia Mengineyo, kama ninavyoona ikifanyika, ni kuwafundisha kuchagua chochote ilimradi kisanduku kijae, na data itakayopatikana itakuwa nadhifu na ya uongo.

Kuhusu dharura sitasema mengi. Kila anayeomba anataka chake kifike kwanza, na ofisi iliyochelewesha maombi ya kawaida mara nyingi mno imejifanyia dharura yenyewe. Kanuni za usimamizi wa usalama wa meli, ISM, zinaitaka kampuni itambue mapema mitambo ambayo ikifa ghafla inaweza kuleta hatari. Alama ya mitambo hiyo ikae kwenye mtambo, iwekwe siku ya utulivu na watu wanaoijua meli, na mstari wa oda uirithi. Isiachiwe mtu aliyebanwa na usiku aamue.

Kuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa uzito, nayo imekuja miaka ya karibuni. Mkataba wa Hong Kong kuhusu kuvunja meli kwa usalama ulipitishwa mwaka 2009, na kwa muda mrefu ulikaa ukingoja nchi za kutosha. Bangladesh na Liberia zilipojiunga mwaka 2023 ukatimiza masharti, na tarehe 26 Juni 2025 ukaanza kufanya kazi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umetangulia: tangu mwisho wa mwaka 2020, meli zinazoingia bandari zake zinatakiwa ziwe na orodha ya vitu vyenye sumu vilivyomo ndani yake, na orodha hiyo isasishwe maisha yote ya meli. Hii ina maana kila kipande kipya kinachofungwa kwenye mwili au mashine lazima kije na tamko la muuzaji kuhusu kilichomo: kama kuna asbesto, kama kuna kemikali zilizokatazwa kwenye rangi ya chini ya meli. Mchele haudaiwi tamko. Karatasi ya kuchapia haidaiwi. Gasketi inadaiwa.

Na nani anaamua mstari upi uombewe tamko? Kundi. Programu inatazama kundi la mstari na kutuma au kutotuma barua kwa muuzaji. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa kwenye vifaa vipya vya meli tangu tarehe 1 Januari 2011, lakini gasketi yenye asbesto bado inaweza kupenya kutoka duka lisilouliza. Karatasi ya gasketi ikinunuliwa haraka bandarini na kuingizwa chini ya vifaa vidogo vya ofisi, kwa sababu kundi hilo lilikuwa na pesa, hakuna tamko litakaloombwa. Itakatwa, itafungwa kwenye flenji, itapakwa rangi, itasahauliwa. Miaka mingi baadaye meli hiyo itapandishwa ufukweni Alang au Chattogram, na kijana mwenye tochi ya gesi atafungua flenji ile akiwa na orodha inayomwambia kwamba hapo hapana kitu cha kuogopa. Asbesto haiumi siku hiyo. Inamngoja kifuani miaka mingine mingi. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko fedha zote za bima na za mkodi, na linaamuliwa na mtu aliyechoka anayechagua neno kwenye orodha inayoshuka.

Ningeomba basi fomu ya melini iulize mambo ambayo baharia anayajua, na ikome hapo. Mtambo gani? Nini kimetokea: ilikuwa zamu yake ya matengenezo, umevunjika, umegongwa, au tunaandaa chelezo? Meli inaweza kusafiri bila kitu hiki? Haya injinia wa tatu anayajibu kwa muda mfupi, na anayajibu kwa ukweli kwa sababu anayajua. Asiulizwe akaunti ya mhasibu, asiulizwe kama ni ya mkodi au ya mwenye meli, hajauona mkataba. Ofisi iongeze hayo upande wake, kwa jina la aliyeyaongeza. Na kundi lisijijaze lenyewe kwenye swali la sababu hata siku moja. Kisanduku kibaki kitupu mpaka mtu aguse.

Halafu kuna desturi ya mwisho wa mwaka. Bajeti ya vifaa imekwisha na ya chelezo ina nafasi, basi mistari inahamishwa kimyakimya. Rangi aliyoitumia serahangi mwezi Machi inaonekana ilikuwa ya chelezo. Bajeti inapendeza, na mwaka unaofuata inapangwa kwa kufuata takwimu hizo, na serahangi anapewa rangi pungufu kwa sababu vitabu vinaonyesha hahitaji nyingi. Kutu haisomi vitabu. Kuna wakati kuhamisha ni haki, maana kosa likigunduliwa lazima lirekebishwe. Lakini programu inayoruhusu mstari uhamishwe bila kuacha alama inamfungulia mlango kila mtu mwenye haya ya kueleza. Mstari ukihamishwa, libaki kundi la kwanza, libaki la pili, na kati yake jina na sababu ya aliyehamisha. Na yale maneno yaliyoandikwa usiku na mtu aliyeifungua pampu kwa mikono yake yafuatane na mstari huo kutoka ombi hadi oda, hadi ankara, hadi ripoti ya mwaka, bila mtu yeyote kuyafupisha.